Wa Kwanza Kuchaguliwa

Siku kocha aliponinyooshea kidole nilidhani ananikemea. Nilisimama na gongo langu mkononi, matope hadi magotini, nikaanza kutafuta kichwani ni kosa gani nimefanya.

"Huyu," akasema. "Huyu kwanza. Wengine nitawaangalia baadaye."

Tulikuwa tumemaliza mechi ya wasichana kwenye uwanja wa shule ya msingi kule kwetu Nyamira. Uwanja wenyewe umelala kwenye mteremko, mpira ukikuponyoka unaufuata kwenye migomba ya watu. Mimi shule nilikuwa nimeachana nayo, nilikuwa nachuma majani chai na mama, lakini Jumapili jioni nilikuwa bado narudi pale kucheza hoki. Sisi ni Wasabato. Jumamosi ni ya Mungu, Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, na mama alikuwa ananiachilia jioni hiyo nikiwa nimejaza kikapu vizuri.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa hoki ilifikaje kwetu. Ililetwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa shuleni akiwa na filimbi shingoni na sheria kichwani, bila kitu kingine. Magongo tulijitengenezea. Mti wa chai ukizeeka ukang'olewa, shina lake huwa limejikunja chini kule karibu na mizizi. Ukipata lililojikunja vizuri unalichonga kwa panga, unalipitisha motoni likauke, umepata gongo. Linakuwa la mviringo pande zote, kama mpini wa jembe ulioota mguu. Mpira tulifunga kwa maganda makavu ya mgomba, tukauzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli. Wasichana kumi na mmoja tukapata magongo kumi na moja. Hakukuwa na wa akiba, kwa hiyo ukiingia uwanjani umeingia, unatoka jua likizama au mama yako akikuita.

Nilikuwa na mbio. Hilo nalisema bila aibu kwa sababu kila mtu alilisema. Mpira ukija kulia naupiga, ukija kushoto naupiga, sisimami kugeuka. Kocha alikuwa amekaa juu ya mteremko, mgeni wa yule mwalimu, anafundisha timu ya wasichana Kisii mjini. Aliniona nikipita wasichana watatu nikafunga, akateremka kuninyooshea kidole.

Jumamosi mzee wa kanisa akanisimamisha mbele ya watu. Akasema katika milima yote hii kocha amechagua mmoja wa kwanza, na huyo mmoja ni wetu. Watu wakasema amina. Mimi nilisimama pale naangalia viatu vyangu. Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kuwa wa kwanza kwa chochote, hata kwenye foleni ya maji.

Usiku wa Alhamisi iliyofuata mama alinikunjia nguo kwenye begi, akalifunga zipu, akalikalia kabisa kama kiti.

"Enda," akasema. "Lakini nisikie umekaa tu huko Kisii unaangalia watu wakicheza. Siku hiyo nakuja kukuchukua. Kukaa, hata hapa kuna viti."

Nilicheka. Mimi nikae? Mimi niliyechaguliwa wa kwanza?

Nilifika Ijumaa. Kocha alinipeleka kuishi Mosocho na msichana mmoja wa timu, mkubwa kwangu kwa miaka michache, anayecheza pembeni kulia. Huyo alikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja na mdomo wa watu kumi. Siku za soko alikuwa anauza nguo za mitumba Daraja Mbili, na mechi ikifika anakunja marobota yake anakuja uwanjani akiwa bado anaita wateja.

"Wewe Nyamira," aliniita tangu siku ya kwanza, na hadi leo ananiita hivyo. "Nasikia wewe ndiyo moto. Ni wewe unakuja kunitoa kwa namba yangu?"

"Hapana, dada. Nitacheza penye kocha ataniweka."

"Heh! Ana adabu huyu. Hatafika mbali."

Jumapili asubuhi kocha akanipa gongo. La duka, la kweli, limepakwa rangi, lina raba ya kushikia pale juu. Nililipokea kwa mikono miwili. Halafu nikaliangalia vizuri moyo ukashuka kidogo. Upande mmoja ulikuwa wa mviringo, mzuri. Upande mwingine ulikuwa bapa, umelala kabisa kama mwiko wa zamani. Nikajua mara moja kilichotokea. Limetumika miaka mingi hadi limelika upande huo. Nyumbani mwiko wetu umelika vilevile kwa kukwaruza sufuria, jembe la mama limelika vilevile kwa mawe. Nilijua kitu kilicholika.

Sikulalamika. Mtu amekutoa kijijini, amekupa chumba, amekupa gongo, utaanza kusema hili ni kuukuu? Nikamwambia asante sana. Na kwa vile mimi ni mtu wa kutunza vitu vya watu, nikaamua moyoni nitakuwa napiga kwa ule upande mzima, ule wa mviringo, ili huu uliochoka usizidi kuisha.

Kocha hakutaka kupoteza wakati. "Mliosikia habari zake mtamwona leo," aliwaambia wenzangu. "Anaanza."

Mpira wa kwanza ulinijia nikiwa peke yangu. Uwanja wa tambarare, sijawahi kuona, mpira unateleza kama uko juu ya meza. Nikalizungusha gongo mkononi nikaupiga. Filimbi.

Nikafikiri labda nimevuka mstari. Mpira ukaja tena. Nikaupiga. Filimbi. Wapinzani wakachukua mpira. Mara ya tatu nilikuwa mbele ya goli kabisa, kipa ameshalala chini, nikaupiga ukaingia wavuni, nikaruka juu mikono hewani, na niliposhuka nilikuta refa amesimama mbele yangu anatikisa kichwa. Goli si goli. Wasichana wa upande wa pili walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega.

"Huyu ametoka wapi?"

Kocha akanyoosha mkono akaniita nje. Mechi ilikuwa haijafika hata nusu. Nilitembea kwenda kwake. Masikio yalikuwa yanalia zii, kama redio iliyokosa stesheni. Nimefukuzwa. Mechi yangu ya kwanza, nimetolewa, na kwetu mtu akitoka ametoka.

"Unafanya nini?" kocha akaniuliza.

"Nacheza, kocha."

"Kwa nini unapiga kwa mgongo wa gongo?"

Nikamweleza. Nilimwambia upande ule mwingine naona umelika, nilikuwa nautunza. Kocha akachukua gongo la msichana aliyekaa hapo, jipya kabisa, lingali na karatasi ya bei, akaligeuza. Lilikuwa bapa upande mmoja. Akachukua lingine. Bapa. Akaniwekea magongo yote ya akiba mstari mmoja kwenye nyasi, na yote yalikuwa na uso mmoja bapa na mgongo mmoja wa mviringo.

"Zimetengenezwa hivi," akasema polepole. "Unapiga kwa uso. Mgongo ukigusa mpira ni kosa. Hakuna mtu alikuambia?"

Nani angeniambia? Mwalimu wetu alijua hiyo sheria, bila shaka, lakini magongo yetu yalikuwa mviringo kote. Hayakuwa na uso wala mgongo, kwa hiyo hakuwa na cha kupigia filimbi. Miaka yote ile nilikuwa natandika kulia na kushoto, na huku duniani nusu ya mchezo wangu ni kosa.

Nakumbuka uso wa kocha. Alikuwa ameshtuka kuliko mimi. "Niliona miguu," alisema kama anajiambia mwenyewe. "Niliangalia miguu tu."

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa benchi.

Benchi letu ni ubao mrefu juu ya matofali, na nilikuja kuujua kama kitanda changu. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa pale na jaketi la timu. Kocha alikuwa ananiingiza mwishoni, dakika chache tu, wakati ambapo hata nikikosea hakuna kitakachoharibika. Mpira ukija kulia nilikuwa sawa. Ukija kushoto, mkono ulienda wenyewe kule ulikozoea na filimbi ikalia. Kushoto unatakiwa uligeuze gongo, ncha iangalie chini, uso urudi kwa mpira, na kinachogeuza ni mkono wa kushoto pale juu. Wa kulia unalegea tu. Rahisi kusema.

Dada yangu wa Mosocho, yule niliyeishi naye, aliniona nalia jioni moja nikifua soksi. Hakunibembeleza. Aliniwekea sufuria ya ugali mbele yangu.

"Songa na kushoto."

"Dada?"

"Kushoto. Mpaka huo mkono ujue ni wako. Na ukinipea ugali ya mabonge utakula peke yako."

Tulikula mabonge wiki nyingi. Akawa anawaambia wateja wake kule sokoni, "Mnunue haraka, mimi siku hizi niko na njaa, kuna mtu wa hoki ananipikia." Mimi nikiwa hapo hapo nakunja suruali za watoto. Watu wakicheka, na mimi nacheka. Sikuwa na huzuni ya kudumu, sijaumbwa hivyo. Usiku nilikuwa nalala nikijiona nacheza uwanja mkubwa, nyasi kijani, watu wamejaa, na hata kwenye ndoto hizo nilikuwa nageuza gongo kwanza.

Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili usiku.

"Umecheza?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo ni nini?"

"Ni kidogo."

Nasikia kuku wetu nyuma yake. Halafu siku moja akasema, "Jumapili hii nakuja." Akakata.

Sikulala vizuri. Nilijua mama hasemi kitu mara mbili. Nilitamani kumwomba kocha anianzishe siku hiyo moja tu, nikaenda hadi karibu yake wakati wa mazoezi, nikamwuliza kama mipira itatosha. Akasema itatosha. Nikarudi.

Mama alikuja na boda boda kutoka stendi, amevaa gauni lake la kanisani na gambuti, maana asubuhi alikuwa amepitia kwenye chai kwanza. Mkononi alikuwa na mkungu mzima wa ndizi. Alisimama pembeni ya uwanja, akaweka mkungu chini, akaanza kunitafuta. Niliona macho yake yakipita kwa wasichana wa timu yetu wanaokimbia, mmoja mmoja. Akamaliza. Akaanza tena upya. Nilitaka ardhi inimeze nikiwa na jaketi langu.

Halafu akageuka akaniona nimekaa.

Uwanjani pale watazamaji hawafiki kwenye benchi. Mama hakujua hilo, na hata angejua angekuja tu. Aliuzunguka uwanja na gambuti zake, akafika, akakaa kando yangu kwenye ubao. Mechi ilikuwa inaendelea. Wasichana wa akiba wakasogea wenyewe bila kuambiwa.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba." Hakuwaangalia. Alikuwa anamwangalia kocha. "Mwalimu."

Kocha akageuka. "Mama, habari. Hapa kwa kweli hairuhu..."

"Ni wewe ulikuja kwetu ukasema huyu kwanza?"

"Ni mimi, mama."

"Kanisa lote lilisema amina."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa amekaa."

Kocha alijaribu kueleza. Uso wa gongo, mgongo wa gongo, mkono wa kushoto. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, begi langu liko wapi. Lilikuwa chini ya miguu yangu, kwa sababu ndani yake ndimo nilimokuwa naweka maji. Akaliona, akaliinua, akaliweka kwenye magoti yake akalikumbatia.

"Filimbi ya mwisho ikilia tunaenda," akasema. "Chai iko shambani."

Kitu kilinipasuka ndani. Kocha aliniangalia mimi, akaangalia uwanja, matokeo yakiwa sufuri kwa sufuri na muda mwingi bado, akamwita dada yangu wa Mosocho atoke.

"Ingia," akaniambia.

"Saa hii, kocha?"

"Unataka nikuandikie barua?"

Nikavua jaketi. Dada alipita kando yangu akitoka, jasho linamtiririka, akanipiga bega. "Mabonge," akasema.

Mpira wa kwanza ukaja kulia, nikausukuma mbele bila shida. Wa pili ukaja kushoto. Nakwambia nilisikia mkono wa kulia ukianza ile safari yake ya zamani. Halafu wa kushoto ukageuka. Sikuuamuru, uligeuka tu, ncha ikaangalia chini, uso wa bapa ukagusa mpira, tak, sauti ndogo safi, na mimi nikabaki nasubiri filimbi. Nilisimama kabisa. Refa aliniangalia akashangaa nasubiri nini.

"Kimbia wewe!" dada alipiga kelele kutoka kwenye benchi.

Nikakimbia. Niliupeleka mpira hadi karibu na goli, nikampa mwenzangu wa katikati, kipa akauzuia kwa mguu. Hatukufunga. Lakini filimbi haikulia kwangu.

Baada ya dakika chache kocha akaniita nje, akamrudisha dada. Kabla sijafika kwenye mstari nilisikia sauti ya mama, na nadhani Kisii nzima iliisikia.

"Umemtoa tena! Amefanya nini? Mimi nimeangalia, hajafanya kitu!"

"Mama, anapumzika. Atarudi."

"Atarudi aje na ametolewa?"

"Hoki ni hivyo, mama. Unatoka, unaingia, unatoka. Hata huyo mwingine anatoka. Wote."

Mama akakaa, begi bado magotini. Nikaona anamwangalia dada kule uwanjani. Ilipofika zamu dada akatoka nikaingia, nikatoka akaingia. Kila mara mmoja wetu akifika kwenye ubao, mama alimchunguza kama anakagua majani kwenye kikapu. Mara ya mwisho nikiwa uwanjani, nilikuwa karibu na mstari nikawasikia.

"Ni wewe unamtoa mtoto wangu?"

"Mimi? Mama, ni yeye ananitoa mimi! Nilikuwa nacheza mechi yote kabla hajakuja. Sasa angalia, niko hapa nakula ndizi."

Kweli alikuwa anakula ndizi. Mama alikuwa ameshavunja chana, wasichana wa akiba wote wana ndizi mkononi, na kocha anayo moja ameishika asijue aiweke wapi. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitarajia. Mama alikuwa anacheka.

Mechi iliisha sufuri kwa sufuri. Filimbi ya mwisho ilipolia nilikuwa uwanjani, na nilibaki pale pale kwa sababu nilijua filimbi ile ni yangu. Wenzangu walipeana mikono na wapinzani. Mimi nilikuwa naangalia begi.

Nikaenda pole pole. Mama alikuwa amesimama, anajipangusa gauni.

"Ule mpira wa kushoto," akasema, "mbona nyumbani ulikuwa unaupiga kwa nguvu, na hapa unaugusa kama yai?"

"Ndiyo najifunza, mama."

"Mm." Akaniangalia mkono wa kushoto, akaushika, akaugeuza, akauona umeota sugu mahali papya. Akauachilia. "Unachukua siku ngapi, kujifunza?"

"Sijui, mama. Nyingi."

Nilitaka kusema uongo mzuri, kwamba Jumapili ijayo nitaanza. Haukutoka.

Mama akaweka begi langu chini, juu ya nyasi, mbele ya miguu yangu. Alifungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaikunja mara mbili, mara tatu, akaiweka kwenye ubao pale nilipokuwa nimekaa, akaibonyeza kwa kiganja.

"Hiki kiti chenu ni kigumu," akasema. "Na naona utakikalia."

Akamwita kijana wa boda boda, akapanda kiupande na gambuti zake, akamwambia kocha, "Mwalimu, huo mkungu uishe, usioze," na wakaondoka wakiteremka kuelekea stendi. Hakugeuka nyuma. Mimi nilibaki nimesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda mti.

Nikakaa juu ya leso. Bado ilikuwa na joto lake. Uwanja ulikuwa umebaki mtupu, kocha anaokota mipira.

Dada alikuja akajitupa kando yangu, ganda la ndizi mkononi.

"Sogea huko, Nyamira," akasema. "Na mimi niko na makalio."